Mgongo wa fundi cherehani: madarasa ya yoga Dar, Unguja, Mombasa na Nairobi

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Ninashona nguo Ilala, na Agosti 2025 nilikuwa na nguo za harusi za kupeleka Unguja, leso za jumla za kununua Mombasa, na bibi harusi wa Nairobi aliyetaka nikampime mwenyewe pamoja na wapambe wake. Nikaamua kila nitakapolala nitafute darasa la yoga, maana mgongo wangu ulishaanza kupata nafuu na sikutaka kuukatizia mazoezi. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kurasa za nyuma za daftari la vipimo na picha za simu. Wengi mmeniuliza kama yoga inamfaa mama mtu mzima, mwenye mwili wake na buibui lake. Jibu langu ni ndiyo, ila inategemea sana nani anakufundisha.

Kabla ya kuondoka: Upanga na Masaki

Mazoezi niliyaanzia Upanga, kwenye ukumbi wa jumuiya ya Wahindi, baada ya mteja wangu mmoja kuniona nikishika kiuno kila ninapoinuka kwenye mashine. Ukikanyaga cherehani miaka mingi, nyonga zinakaza, bega la kulia linapanda juu kuliko la kushoto, na usiku unajigeuza kitandani kwa hesabu. Mwalimu wa Upanga ni mzee mstaafu. Siku ya kwanza hakunipa mkeka. Alinikalisha kwenye kiti, akauliza nafanya kazi gani, maumivu yanashuka mguuni au yanabaki kiunoni, presha ikoje, nimezaa mara ngapi, nimewahi kupasuliwa. Ndipo akaniambia nisimame nishike ukuta. Pale nikamwamini. Fundi hakati kitambaa kabla hajampima mteja, na yeye alikuwa ananipima.

Darasa lake huanza kwa kutamka "Om", neno takatifu la Wahindu, mara tatu. Nilimwambia mimi ni Mwislamu na hilo sitalisema. Akajibu, "Wewe vuta pumzi tu, mama, sisi tutasema." Tangu siku hiyo ndivyo tunavyokwenda.

Masaki nilikwenda kwa mwaliko wa mteja mwingine. Studio nzuri, kiyoyozi, vioo ukuta mzima, maji ya limao, shilingi 30,000 kwa kipindi kimoja. Mwalimu alikuwa hodari wa mwili wake mwenyewe, lakini chumba kilijaa na hakuna aliyeulizwa kitu. Tulipokaa na kuinamia miguu iliyonyooka, alipita nyuma yangu akanisukuma mgongo kwa mikono miwili bila kusema neno. Maumivu yalishuka hadi kwenye unyayo, na siku zilizofuata pedali ya cherehani sikuweza kuikanyaga. Mwenye diski iliyotoka, yaani kile kipande laini kati ya pingili za mgongo kimechomoka, huambiwa akunje magoti kwenye mkao huo, na asisukumwe kabisa. Nawaandikia hili mapema ili mlijue kabla ya kulipa popote: una haki ya kusema "usiniguse," na mwalimu mzuri hataudhika.

Jumamosi, Agosti 9: boti na kusi

Nguo za harusi nilizifunga kwenye mifuko ya zipu, nikazilaza mapajani. Kusi ilikuwa imeamka. Tulipotoka tu kwenye mlango wa bandari boti ikaanza kupanda na kushuka, wahudumu wakagawa vifuko vya kutapikia, na mimi mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia hariri ya watu. Kijana aliyekaa pembeni, mtu wa Makunduchi, akainuka akazitundika zile nguo kwenye chuma cha dirisha, akazishikilia kwa mkono safari nzima ili zisikunjike. Tuliposhuka Malindi, bandari ya Unguja, nikataka kumpa chochote, akakataa. "Nawe hukunitapikia," akasema.

Kwa watakaopita: beba kitambulisho cha NIDA. Nauli ya raia ni nafuu sana kuliko ya mgeni, lakini ukikosa cha kujitambulisha dirishani utasumbuka. Na miezi ya kusi kaa katikati ya boti, chini, usikae mbele.

Nguo zilifika salama, zikajaribiwa, nikapunguza kiuno cha moja palepale kwa mkono. Usiku mtaa mzima ulikuwa mbele ya televisheni, Taifa Stars na Madagascar. Mzize alipofunga la pili, mama mwenye nyumba alimwaga chai yake, akachekea hapohapo. Tukashinda 2-1.

Jumapili, Agosti 10: Jambiani

Daladala namba 309, alfajiri. Nilikuwa nimeweka nafasi kwenye darasa la saa moja na nusu asubuhi, kwenye jukwaa la mbao lenye paa la makuti, bahari mbele. Bei ilitangazwa dola 15. Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo niliomba bei ya shilingi na nikatajiwa 40,000 bila ubishi. Ulizeni kwa shilingi, na ulizeni kama kuna bei ya mwenyeji. Mara nyingi ipo ila haijaandikwa.

Upepo ulikuwa mtamu na sakafu safi. Mwalimu alikuwa mgeni wa msimu, mpole, akifundisha kwa Kiingereza na kwa mwendo wa kuunganisha mkao na mkao bila kusimama, ule wanaouita vinyasa. Aliuliza mwanzoni nani ana jeraha. Nikanyoosha mkono, akaja, akaniambia nikiona wengine wanainama nami nikunje magoti, na wakiruka mimi nitembee. Hiyo ilitosha. Sikushika kila neno, lakini mwili uliona wenzake wakafuata. Tatizo langu lilikuwa mwendo: nikifika kwenye mkao wa mbwa, mikono na miguu chini na makalio juu, wao wameshainuka.

Kilichonikaa zaidi Jambiani kilitokea baada ya darasa. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliopita, maji ya bamvua, na ilipofika saa nne bahari ilikuwa imerudi mbali kabisa, wanawake wameshuka kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, na hadi leo wengi wanaokifanya ni kina mama. Nikavua viatu nikashuka. Niliwakuta wamesimama wameinama, miguu imenyooka, mgongo umepinda kama upinde, wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Hukaa hivyo kwa muda wa saa tatu, wakati mwingine nne, mpaka maji yarudi.

Nilimsalimu mkubwa wao, "Shikamoo bibi," akaitika marahaba, akauliza natoka wapi na kwa nini natembea kama mtu aliyetoka kujifungua. Nikamweleza mgongo. Wote wakacheka, kisha kila mmoja akaanza kutaja wake. Nikawaonyesha lile ambalo mzee wa Upanga alinikazania mwezi mzima: kunja magoti kwanza, peleka makalio nyuma, uvunjike kwenye nyonga badala ya kiuno, mgongo ubaki mrefu. Bibi akajaribu, akafunga kishada kimoja hivyo, akasema mapaja yanawaka lakini kiuno kimetulia. Kisha yeye akanionyesha la kwake: ukichoka, chuchumaa mpaka chini, visigino vyote vimekanyaga, viwiko ndani ya magoti, ukae hapo mpaka uhesabu vishada kumi. Mkao huohuo nimeulipia pesa studio. Yeye ana miaka zaidi ya sitini na anakaa ndani yake kama amekaa kwenye kigoda.

Maji yalipoanza kurudi walinichukua nyumbani kwa binti yake nikaoge na kubadili nguo, nikapewa muhogo wa nazi na pweza. Nilipotaja pesa bibi alikasirika kweli.

Mavazi: dera halifai, linakufunika uso ukiinama. Mimi nimejishonea suruali pana ya pamba yenye kipande cha umbo la almasi kwenye msamba, ili mshono usifumuke ukitanua miguu. Juu nguo ndefu isiyopwaya iliyoshikiliwa na mkanda, na hijabu ya kuvuta isiyo na pini. Mpe fundi wako maelezo hayo atakuelewa.

Jumanne, Agosti 12: basi la Mombasa

Jumatatu nilirudi Dar na boti ya asubuhi na nikalala. Jumanne basi liliondoka kabla hakujapambazuka, nauli 45,000, likaenda vizuri mpaka karibu na Muheza, bomba la maji ya injini likapasuka. Tulikaa hapo saa mbili na zaidi. Msimu wa machungwa ulikuwa haujaisha, na mzee aliyekuwa anauza kando ya barabara alipoona watoto wamechoka akaanza kuwamenyea bure, kwa kisu kimoja, ganda linatoka mzunguko mmoja bila kukatika. Sisi wakubwa tukanunua ili naye asipate hasara.

Kukaa kitini saa nyingi ndiko kunakoua mgongo. Nilichofanya ubavuni mwa basi ni kushika bodi, kurudi nyuma hatua mbili, na kushusha kifua mpaka kiwe sawa na mikono, magoti yamelegea. Ni ule mkao wa mbwa, ila umesimama. Abiria wanne walikuja kuuliza, tukafanya pamoja, konda naye.

Horohoro na Lungalunga hakukuwa na tabu. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano iwe mkononi. Wabadilisha fedha wanaokufuata getini waache, Mombasa kuna maduka yenye bei nzuri zaidi. Wiki ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 19 za kwetu. Kivuko cha Likoni tulikipanda usiku. Anayevuka kwa miguu halipi kitu.

Jumatano na Alhamisi: Mombasa

Asubuhi Biashara Street, kuchagua leso. Sitawachosha na hayo, ila mwenye duka alinikatia bei nilipochukua kwa makorija, na mpwa wake akanibebea mpaka Majengo kwa shangazi.

Alhamisi jioni ndiyo siku ninayotaka kuieleza kwa kirefu. Mpangaji wa shangazi alinipeleka kwenye ukumbi mdogo wa Wagujarati ambako kuna darasa la wanawake pekee, pazia zimefungwa, shilingi 500 za Kenya. Mwalimu ni mama wa makamo aliyezaliwa hapohapo Mombasa, Kiswahili chake cha Kimvita kabisa. Anafuata njia ya B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa mji wa Pune, India, aliyefariki 2014, ambaye sifa yake kubwa ni kuuletea mwili msaada: matofali ya mbao, mikanda, blanketi, viti, kamba za ukutani. Kwenye njia hii hukimbizwi. Unakaa ndani ya mkao mmoja muda mrefu, na mwalimu anazunguka kurekebisha hata kidole.

Aliniuliza yaleyale ya mzee wa Upanga, na moja zaidi: "Cherehani yako ya mguu au ya mota?" Nikasema ya mguu. Akaangalia mguu wa kulia, akabonyeza chini ya kifundo, nikaruka. Akasema msuli wa pajani mbele upande huo umefupika kwa kukanyaga, ndio unaovuta kiuno.

Kisha akatukalisha chini, miguu mbele. Mgongo wangu ukakunjika nyuma kama kawaida, siwezi kukaa wima hata nifanyeje. Akaomba leso mojawapo niliyokuwa nimejifunga. Akaikunja mara nne, halafu tena, ikawa kama tofali nene, akaniambia ninyanyue makalio, akaisukuma chini yangu ila ukingoni tu, ili nikae kwenye ncha. Nyonga ikaegemea mbele yenyewe. Kiuno kikaingia ndani, kifua kikapanda, magoti yaliyokuwa hewani yakashuka. Sijawahi kukaa wima bila kutumia nguvu tangu nianze kazi ya ushonaji. Nilikaa hapo machozi yananilengalenga, naye akanipitishia mkanda wa pamba nyayoni nishike ncha zake, mikono isihangaike kuifikia miguu. "Siendi chini mwalimu," nikamwambia. "Wenda wapi chini? Kuna nini huko? Kaa hapo hapo."

Nilichunguza ule mkanda baadaye: utepe wa pamba upana wa vidole viwili, bizimu ya chuma, mshono wa mraba wenye msalaba ndani. Nimeshona kumi nilipofika nyumbani.

Usiku shangazi aliniweka kitako. "Mwanangu, hiyo si ibada ya Wahindi?" Swali hili ni la haki na wengi wenu mnalo, kwa hiyo naandika nilichomjibu. Asili ya yoga ni India na ndani yake kuna dua na nyimbo za dini yao, hilo halifichiki. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataza. Maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 walitenganisha: yenye nyimbo na ibada wakaikataza, ya mazoezi ya mwili tu wakairuhusu. Saudi Arabia mwaka 2017 ikaikubali kufundishwa kama mchezo. Mimi nanyoosha viungo na kupumua, maneno siyasemi, na nia yangu naijua. Shangazi alinyamaza kidogo, akauliza kama ile ya kukalia leso inafaa kwa magoti. Kesho yake asubuhi tulikuwa sakafuni wote wawili.

Ijumaa, Agosti 15: treni

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, mbali na mji, ondoka mapema na utenge muda wa kukaguliwa mizigo. Daraja la kawaida 1,500, la kwanza 4,500. Viti vya kawaida vinatazamana, magoti yanagusana na ya jirani, lakini unaweza kusimama na kutembea, na kwa mgongo hilo linalishinda basi lolote. Tsavo tuliona tembo wekundu kwa vumbi. Ukishuka Syokimau kuna treni ndogo ya kwenda katikati ya mji, rahisi kuliko teksi.

Jumamosi, Agosti 16: Nairobi

Baridi. Nilivaa sweta mbili. Bibi harusi wangu ndiye aliyenipeleka kwenye ukumbi wa mtaa, sakafu ya saruji, madirisha mengine hayana vioo. Mwalimu ni kijana aliyefunzwa na Africa Yoga Project, taasisi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007 na ambayo imewafanya vijana wengi wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wanaoishi kwa kazi hiyo. Darasa lake ni bure, mwenye chochote anatia kwenye kikapu. Kulikuwa na mama mboga aliyeacha kibanda kwa saa moja, wavulana wa boda, msichana mwenye sare ya hospitali, watoto waliokuja kutazama wakajikuta ndani. Mikeka haikutosha, wengine wakatandika magunia safi.

Ni yoga ya nguvu, jasho linatoka hata kwenye baridi ile. Nilihofia itakuwa Masaki nyingine. Lakini kabla ya kuanza alipita kwa kila mtu mgeni, akainama akauliza kwa sauti ya chini. Kwangu akasema, akiniita mama kwa Sheng yao, "Mathe, mgongo? Basi hii ukuta ni yako." Akaniweka ukutani, na kila alipowapa wengine mkao alinitupia wangu: "Mathe, wewe piga goti hapo. Polepole. Pumua." Dakika tano za kwanza alitufanyisha kuzungusha mabega, viwiko, nyonga, vifundo, mpaka damu ikachangamka. Mahali pa baridi usikubali kuanza bila hilo.

Nilitia 300 kwenye kikapu. Nikampima msichana wa hospitali vipimo vya sare mpya palepale mlangoni, maana ile yake ilikuwa imembana makwapani hawezi kuinua mikono.

Kurudi, na linalofuata

Namanga, Arusha, Dar, kwa mabasi mawili, mgongo haukulalamika zaidi ya kawaida.

Ukipiga simu kuulizia darasa, usianze na bei. Sema una tatizo fulani la mwili, kisha sikiliza. Akijibu "njoo tu, utazoea," tafuta kwingine. Akianza kukuuliza maswali, hapo ndipo uulize bei.

Mzee wa Upanga nimemwonyesha mikanda niliyoshona. Amekubali kutufundisha mafundi Jumamosi saa mbili asubuhi, kwa Kiswahili, bila nyimbo, shilingi 5,000 kwa kichwa, tukifika watu wanane. Tumefika watano: watatu wa cherehani, mmoja wa viatu, na kinyozi anayesimama kutwa. Wa Ilala, Buguruni na Kariakoo mnaotaka, njooni na khanga mbili na tumbo lisilojaa. Mikanda ipo.